Mjakaranda Haupungui kwa Kukatwa Kichwa

Mvua za masika zinapokaribia, mapanga na ngazi hutolewa stoo. Mwenye ploti hutazama mjakaranda ulio kando ya lango, huona matawi yameinamia mabati, kisha humwita kijana wa kibarua aukate juu. Kufikia jioni hubaki shina na visiki vitatu vinne. Familia hulala ikiamini kwamba hatari imeondolewa, lakini baada ya miaka michache mti huo huwa hatari kuliko ulivyokuwa.

Mti uliokatwa kichwa umepoteza karibu majani yake yote, na majani ndiyo jiko lake la chakula. Hujibu kwa kutoa machipukizi mengi marefu yaliyosimama wima, chini kidogo ya pale panga lilipopita. Tawi la kawaida huanza pamoja na mti na mizizi yake imo ndani ya shina. Machipukizi haya hayako hivyo. Yameshikilia gome na tabaka la juu tu la mbao. Wakati huohuo kisiki kilichoachwa wazi huanza kuoza kuelekea chini. Mti hurudia kimo chake cha awali, ila sasa umebeba matawi mazito juu ya mbao zinazooza. Upepo wa mvua ukivuma, hayo ndiyo yanayoangukia paa, gari au nyaya za umeme.

Mjakaranda una tabia nyingine inayofanya ukataji wa ovyo uwe na madhara zaidi. Mti huu, ambao asili yake ni Amerika Kusini, katika maeneo ya kaskazini magharibi mwa Argentina na kusini mwa Bolivia, hutoa majani mawili mawili yanayoelekeana. Ncha moja ikikatwa, vichipukizi viwili huamka pamoja na kushindania nafasi ya kuwa shina kuu. Vikiachwa, hutengeneza panda nyembamba yenye umbo la V, na gome hubanwa katikati badala ya mbao kushikana. Panda ya aina hiyo hupasuka. Panda iliyo wazi, yenye umbo la U, hustahimili uzito.

Kwa sababu hiyo, wakati bora wa kuutengeneza mjakaranda ni ukiwa mdogo. Miche iliyopandwa nyumbani siku ya mapumziko ya kitaifa ya upanzi wa miti, tarehe 13 Novemba 2023, na ikanusurika kiangazi na mbuzi, sasa iko katika umri huo. Mwenye mti achague shina moja lililonyooka liwe kiongozi, kisha aondoe au afupishe linaloshindana nalo. Kidonda cha unene wa kidole hufungika upesi. Kisichokatwa leo kitahitaji msumeno, ngazi na watu wawili baadaye.

Kosa lingine la kawaida ni kuondoa matawi yote ya chini ili mti uonekane mrefu. Matawi hayo hulilisha na kulinenepesha shina. Mti mchanga ubakiwe na matawi katika theluthi mbili za kimo chake, na yale ya chini yaondolewe kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Kwa mwaka mmoja isiondolewe zaidi ya robo ya matawi yenye majani.

Mahali pa kukata pana uzito kuliko idadi ya matawi yanayokatwa. Alex Shigo, mtaalamu aliyefanya kazi katika Huduma ya Misitu ya Marekani, alipasua maelfu ya miti kwa msumeno wa mashine ili aone kinachotokea ndani baada ya tawi kuondolewa. Alionyesha kwamba mti hauponi kama ngozi ya binadamu. Huzingira sehemu iliyoumia, huifungia, kisha hukua juu yake. Kinga hiyo ni imara zaidi pale tawi linapoungana na shina, kwenye uvimbe mdogo unaolizunguka tawi kama kola ya shati. Anayekata hadi kwenye shina huiondoa kola hiyo. Anayeacha kisiki kirefu huacha mbao zitakazooza kabla kola haijaweza kuzifunika. Mkato sahihi hupita nje kidogo ya kola.

Tawi nene halikatwi mara moja, maana huanguka likichuna gome la shina. Mkato wa kwanza huanzia chini ya tawi, kama sentimita 30 kutoka kwenye shina, na kuingia theluthi moja ya unene. Wa pili hutoka juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, na hapo tawi huanguka. Wa tatu huondoa kisiki kilichobaki, nje ya kola. Kazi hii ni ya msumeno. Panga hupasua mbao na kuacha kidonda chenye nyuzi, hata likinolewa vipi. Msumeno upanguswe kwa spiriti kabla ya kuhamia mti mwingine.

Rangi, lami na oili chafu ya gari havihitajiki juu ya kidonda. Hufungia unyevu ndani na kuusaidia ukungu. Kidonda kiachwe wazi kikauke, ndiyo maana Januari na Februari, kabla ya mvua za masika, ni afadhali kuliko katikati ya mvua.

Mti uliokwisha kukatwa kichwa si lazima ung'olewe. Juu ya kila kisiki huchaguliwa chipukizi moja au mawili yenye nguvu, na mengine huondolewa polepole kwa misimu kadhaa. Ikiwa umesimama chini ya nyaya za umeme, mwenye mti asipande ngazi. Aiarifu kampuni ya umeme, kisha afikirie kupanda mti mfupi mahali pake.

Barabara za kaunti na bustani za umma ziko chini ya serikali ya kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Kwa hivyo mjakaranda ulio nje ya ua, hata kama mwenye duka ndiye aliyeupanda na kuunywesha maji, hukatwa baada ya kibali cha kaunti kupatikana.