Umetapeliwa kwa simu? Anza na 100, kisha 15040

"Ile hela tuma kwenye namba hii." Kwa mtu asiyedaiwa, ujumbe huu ni wa kufuta tu. Lakini kwa mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, ambaye asubuhi hiyo anatakiwa kumtumia hela mtu wake wa Ukerewe, ujumbe huohuo unaweza kumwingiza mjini.

Tapeli hakujui. Anatuma kwa watu wengi akijua hatakosa mmoja aliye mbioni kutuma hela kweli. Na ziwani, ambako mara nyingi hela hutangulia na mzigo hufuata na boti, watu wa hivyo ni wengi.

Ukishatuma ndipo ukashtuka, unaripoti wapi? Hapa wengi huchanganya mambo. Kila mlango una kazi yake.

1. Mtandao wako: piga 100

Hii ni namba ya huduma kwa wateja kwa mitandao yote ya simu nchini. Anza hapa, tena fasta, kwa sababu mtandao ndio wenye uwezo wa kuzuia hela ikiwa bado ipo kwenye akaunti ya tapeli. Ikishatolewa kwa wakala, kuipata ni kazi nyingine kabisa.

Usianze kwa kumpigia tapeli kumbembeleza au kumtukana. Unamshtua tu awahi kwa wakala.

Uwe na haya mkononi: namba ya muamala, kiasi, saa uliyotuma na namba iliyopokea. Usimtajie mtu yeyote namba yako ya siri. Anayekupigia akiitaka ili "akurudishie hela" ni tapeli wa pili.

2. TCRA: 15040

Mamlaka ya Mawasiliano inapokea taarifa za namba za matapeli kupitia 15040. Sambaza ujumbe wa tapeli kwenda namba hiyo, kisha fuata maelekezo utakayopewa.

Elewa hili: 15040 hairudishi hela. Kazi yake ni kusaidia namba ya tapeli ifungiwe. Ndiyo maana hata kama hukuliwa hata shilingi, ripoti. Ukifuta ujumbe na kunyamaza, laini ile inabaki hewani ikimsubiri mwingine.

3. Polisi: chukua RB

Utapeli wa mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Mtandao hautakupa wewe jina na taarifa za mteja mwingine, ila polisi wanaweza kuzipata kwa utaratibu wa kisheria. Nenda kituo kilicho karibu ukiwa na simu yenye ujumbe wote.

Kama ni WhatsApp au Facebook

Hapo 100 haitakusaidia sana, maana mwenye huduma ni kampuni nyingine. Ripoti ndani ya programu yenyewe, kwenye akaunti au ujumbe husika. Kabla ya kuripoti au kumblock mtu, piga picha ya skrini, ionekane namba, jina na tarehe. Akikutishia kusambaza picha zako za faragha, usimlipe. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.

Mtandao wakikuzungusha?

Omba namba ya lalamiko lako na uitunze. Malalamiko ya laini na mawasiliano yanaweza kupelekwa TCRA, yenye ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Huduma za hela kwa simu zinasimamiwa na Benki Kuu, nayo ina tawi hapahapa Mwanza.

Kagua na upande wako

Matapeli hupenda laini zilizosajiliwa kwa majina ya watu wengine. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la mtandao husika iondolewe. Na wakala anayekusajilia laini moja akikuambia uweke kidole mara ya pili, muulize kwanza sababu. Hiyo ya pili inaweza kuwa laini ya tapeli, na polisi wakiifuatilia, jina watakalokutana nalo ni lako.

Na kabla ya kutuma hela ya mzigo, mpigie mtu wako kwa namba unayoijua. Sauti yake ikithibitisha, ndipo utume.