Je, Wajua? Roketi Iliyoteketeza Herufi Nne

Filamu ya The Rocketeer (1991) ilitokana na katuni za Mmarekani Dave Stevens, zilizoanza kuchapishwa mwaka 1982. Kisa kinatokea Los Angeles mwaka 1938: rubani Cliff Secord anakuta roketi ya kuvaa mgongoni imefichwa ndani ya ndege, kumbe majasusi wa Hitler wanaisaka. Mwishoni, adui yake anaivaa, anashindwa kuidhibiti na kulipukia kwenye bango la "Hollywoodland". Herufi nne za mwisho zinateketea. Huo ni utani wa watunzi. Kwa kweli, bango hilo, lililosimamishwa mwaka 1923 kutangaza viwanja vya makazi, liliondolewa "LAND" mwaka 1949 lilipokarabatiwa. Mwongozaji wa The Rocketeer, Joe Johnston, ndiye pia aliyeongoza filamu ya Captain America: The First Avenger (2011).