Sala ya Zizini: Imani ya Kila Siku Mulot

Anayetaka kujua watu wa Mulot wanavyomtumaini Mungu asianze na ibada ya Jumapili. Jumapili watu wamepiga nguo pasi, na wanajua wanatazamwa. Aanze siku ya kazi, alfajiri ya saa kumi na moja, mama wa boma anapotoka kwenda kukamua. Kabla hajachuchumaa kando ya ng'ombe huomba, kwa Kikalenjin, kwa sauti ya chini, akiwataja watoto wake kwa majina: wa shule ya bweni, aliyeolewa ng'ambo ya mto, aliyekwenda kuchuma majani chai Kericho. Ndama akivuta kamba, sala hukatika kidogo kisha huendelea. Hakuna kitabu wala mchungaji hapo. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo ibada kuu ya Mulot. Ile ya Jumapili ni ya kuitolea hesabu.

Mulot ni mji wa barabarani, katika barabara kuu itokayo Narok kwenda Bomet, pale mto Amala unapozitenga kaunti hizo mbili. Maji ya Amala hukutana na ya Nyangores huko chini na kuwa mto Mara, ule wa nyumbu na mamba ambao watalii hulipa kuuona. Ukipanda kuelekea Bomet na Kericho utaingia kwenye chai. Mulot yenyewe ni nchi ya mahindi, maharage, ng'ombe na mbuzi, na Wakipsigis, ambao ni Wakalenjin, hukaa humo pamoja na Wamaasai, si kila mwaka kwa amani. Mwenye chai huchuma karibu mwaka mzima, tena ana bonasi ya kungojea. Mwenye mahindi hutazama mawingu. Huenda ndiyo sababu huku watu huomba zaidi, ingawa watu wa chai watanikatalia.

Mazoea ya kuomba alfajiri hayakuletwa na wamishonari. Wazee wa Kipsigis walimwita Mungu Asis, na waliomba wakielekea mashariki jua linapochomoza. Ukiwaambia waliabudu jua watakasirika, na wana haki. Nje ya nyumba, upande huo wa mashariki, palisimamishwa mabwaita, matawi ya miti yaliyofungwa pamoja, madhabahu ya familia. Sherehe za nyumbani zilizungukia hapo. Ibada ya watu wengi ilifanywa kilimani, mahali palipoitwa Kapkoros. Leo ukitaja Kapkoros huko Bomet wengi watakuelekeza kwenye kiwanda cha chai.

Kwa hiyo Ukristo ulipofika ulikuta watu wanaojua kwamba asubuhi ni ya Mungu. Willis Hotchkiss, Mquaker kutoka Marekani, alifika kwa Wakipsigis mwanzoni mwa karne ya 20. Africa Inland Mission ikajenga Litein. World Gospel Mission ikashika Tenwek, karibu na Bomet, katika miaka ya 1930, na kazi yake ikazaa Africa Gospel Church, ambayo watu huijua kwa herufi tatu tu, AGC. Wakatoliki nao walienea, na Kericho ikawa dayosisi mwaka 1995. Biblia nzima ilitoka kwa Kinandi mwaka 1939, na Wakipsigis wakaisoma kama yao. Katika sala nyingi jina la Asis likampisha Jehovah. Mabwaita iling'olewa katika nyumba nyingi za waliookoka, kwingine ikaachiwa siku za sherehe, na ubishi haujaisha: mzee mmoja atakuambia ni matawi tu, mwingine atakuambia ni sanamu. Saa ya kuomba haikubadilika.

Lakini sala ya mtu mmoja zizini haitoshi, na wenyewe wanalijua hilo. Katikati ya wiki, kazi za shamba zikipungua alasiri, akina mama hukutana nyumbani kwa mmoja wao. Wakatoliki wana jumuiya ndogo ndogo; wa AGC na makanisa mengine husema wanakwenda ushirika. Zamu huzunguka. Mwenye zamu hufagia uwanja, huazima viti kwa jirani, huchemsha chai ya maziwa mengi. Akijaliwa hutoa na mursik, maziwa yaliyogandia ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet, yenye rangi ya kijivu na harufu ya moshi. Hiyo si heshima ndogo: ndicho kinywaji ambacho wanariadha wetu hupokewa nacho uwanja wa ndege wakirudi na medali. Anayeingia huamkiwa chamgei, akaitikia chamgei mising, akasogezewa kiti.

Wimbo huanzishwa na yeyote mwenye sauti, bila kinanda. Kisha shukrani hutangulia maombi, na utaratibu huo haukiukwi. Kila mmoja husema anashukuru kwa lipi, akafunga kwa kongoi, yaani asante. Ukizisikiliza shukrani zenyewe ni ndogo ndogo: ng'ombe amezaa ndama jike, homa ya mtoto imeshuka, mvua ya juzi imetosha kuotesha maharage, mzee wa nyumba amerudi kabla ya giza. Mtu wa mjini anaweza kucheka. Lakini mama anayejua kwamba zamu ya kusema itamfikia hukaa wiki nzima akitafuta jambo la kushukuru, na anayetafuta hivyo mwaka hadi mwaka huyaona mengi ambayo wengine huyapita. Furaha ya Mulot hujengwa kwa mazoezi hayo. Hata mwenye msiba huombwa aseme neno moja la shukrani, na akishindwa hubembelezwa, halafu wenzake husema kwa niaba yake.

Baada ya shukrani huja shida, na hapo huwekwa beseni. Ada ya shule huombewa, halafu watu huweka noti za hamsini na za mia. Mgonjwa huombewa, halafu hupangwa nani atakwenda kumwangalia katika hospitali ya Longisa na nani atakamua ng'ombe wake. Makanisa yalipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, sala za zizini ziliendelea na beseni likahamia kwenye M-Pesa.

Jaribio kubwa la imani hii lilikuja kupitia mahindi. Septemba 2011, katika mashamba ya Longisa, jirani kabisa na Mulot, kuligunduliwa ugonjwa ambao Kenya haikuwa imeuona. Majani yaligeuka njano kuanzia kingoni, moyo wa mmea ukakauka, mabua mengine yakasimama na magunzi yasiyo na punje. Shamba la ekari nzima lingeweza kutoa chakula cha kuku. Wataalamu walikuja kueleza kwamba ni virusi viwili vinavyoshambulia mmea mmoja kwa pamoja, cha mahindi na cha miwa, na kwamba vinabebwa na wadudu wadogo. Nchi inayokula kimyet, yaani ugali, asubuhi na jioni ilikosa unga wake yenyewe.

Nasaha ya maafisa wa kilimo ilikuwa chungu: ng'oa yaliyougua, usipande mahindi msimu baada ya msimu, weka viazi, maharage au mazao mengine. Kwa Mkipsigis wa Mulot, kuambiwa asipande mahindi ni karibu na kuambiwa asifuge ng'ombe. Wapo waliokataa na kupanda tena wakisema Mungu ataamua, na wakavuna magunzi mara ya pili. Hapo nasimama na waliong'oa. Kumtumaini Mungu huku ukimfungia mlango afisa wa kilimo ni ukaidi uliovaa kanzu. Watu wa huku hawakuhitaji kufundishwa hilo na mgeni, maana hospitali ya Tenwek, ambako daktari Ernie Steury alifika mwaka 1959 na kukaa miongo kadhaa, imejulikana kwa usemi kwamba wao hutibu na Yesu huponya. Mgonjwa wa Tenwek huombewa, na kisha hupasuliwa.

Kila Desemba huja jaribio la aina nyingine. Ndio msimu wa tumdo, vijana wa kiume kuingia jandoni. Makanisa mengi sasa huandaa jando lao, na walimu waliookoka hukaa na vijana mafichoni wakiwafundisha heshima, kazi na maandiko. Hutoka wakiwa wanaume, kwa ibada na karamu. Lakini huko wanakotokea kuna simu, na simu ndiyo inayowajaribu.

Maana jina la Mulot linajulikana Kenya nzima kwa jambo jingine. Makachero wamewakamata mara kwa mara vijana wanaohusishwa na eneo hili kwa wizi wa laini za simu: mwenye simu hupigiwa na mtu mwenye maneno matamu, hutoa namba zake za siri, laini yake husajiliwa kwenye kadi nyingine, na akiba yake huondoka. Vijana waaminifu wa Mulot, ambao ndio wengi, husita kutaja kwao wakiwa Nairobi. Huo ni uchungu wa kweli, na haustahili kuchekwa.

Lakini beseni linahusika. Imani iliyojengwa juu ya mchango hujikuta siku ya harambee mbele ya kijana asiye na shamba, asiye na duka wala kazi, anayetoa bahasha nene kuliko ya mwalimu mkuu. Watu hupiga makofi. Mchungaji huombea mkono uliotoa. Paa linahitaji mabati, na fundi hangoji. Mahali pengine penye michango mikubwa hufanya vivyo hivyo, wanasiasa wetu wakiwa wa kwanza, ila Mulot ina sababu ya kuwa kali zaidi: katika beseni hilo hilo kuna shilingi hamsini ya mjane aliyeuza maziwa, na huenda mjane mwingine, wa Kisii au wa Kitui, amelala njaa kwa ajili ya ile bahasha. Kanisa lililothubutu kung'oa mabwaita mlangoni mwa wazee linaweza kumuuliza kijana wa miaka ishirini pesa zake zimetoka wapi. Paa litachelewa. Wachungaji wa Mulot, ulizeni.