Kiongozi wa koperative, tuliza moyo mbele ya kujibu



Mara hii hatutasema juu ya mbolea wala kukata matawi ya kahawa. Tutasema juu ya pumzi. Labda wengine watacheka: "Agronome anakuja kutufundisha kupumua?" Lakini sisi wenye kutembelea stasyo za kuosha kahawa tunaona jambo moja: kuko koperative zenye miti yao ni mizuri, mashine ni nzima, na bado wamemba wanatoka. Wanatoka juu ya neno lenye kiongozi alisema wakati roho yake ilikuwa moto.

Hasira inakula kilo

Tuchukue mfano. Memba analeta kahawa nyekundu. Nyumbani alipima kilo 52, lakini mizani ya koperative inasema 46. Pengine kahawa yenye kuelea juu ya maji imetolewa, na ile ya kijani imechaguliwa. Pengine uzito wa mfuko umetoshwa. Pengine pia moja kati ya mizani hizo mbili haiko sawa. Memba anapaza sauti: "Munatuiba!" Prezida anarudisha: "Kama hautaki, beba kahawa yako uende!" Na watu wote wenye wako kwenye mustari wamesikia.

Tuhesabu hasara. Kahawa nyekundu inaomba kumenywa siku ile ile yenye ilivunwa. Ikibaki ndani ya mifuko inapata joto, inaanza kuchacha, na ladha yake inaharibika. Saa 2 za matata ni saa 2 za kazi zenye zimepotea. Tena, ili kupata kilo 1 ya kahawa ya kijani ya kuuza inje, inaomba karibu kilo 6 za kahawa nyekundu. Memba mmoja akienda na kilo zake 300 za musimu, koperative imepoteza karibu kilo 50 za kuuza.

Na yeye anaenda wapi? Wazee wa Idjwi na Kalehe wanakumbuka miaka yenye wakulima walipitisha kahawa usiku kwa mitumbwi kwenda Rwanda, na wengine wakazama katika Ziwa Kivu. Koperative zilianzishwa ili watu wasirudi kwenye njia ile. Ni huzuni kama neno moja la hasira linawarudisha.

Mwilini kunapita nini?

Mtu akitukanwa, mwili unajitayarisha kupigana ao kukimbia. Adrenalini inaingia katika damu, moyo unapiga mbio, pumzi inakuwa fupi na ya juu juu. Hii ni nzuri kama unakutana na nyoka shambani. Haiko nzuri kama unapashwa kusoma hesabu, juu bongo yenye kupigana haifikiri muzuri.

Hatuwezi kuamuru moyo usipige mbio. Lakini pumzi tunaweza kuiamuru, na moyo unafuata pumzi. Ukivuta hewa, moyo unaongeza mbio kidogo, ukiitoa, unapunguza. Mtu mzima mwenye anapumzika anapumua kama mara 12 mpaka 20 kwa dakika. Akishuka mpaka karibu mara 6, mshipa mkubwa wenye kuunganisha bongo na moyo unasaidia mwili kutulia. Huko Marekani, shirika HeartMath, lenye lilianzishwa mwaka 1991, limefundisha watu wengi zoezi la namna hii. Haliombi franga hata moja.

Namna ya kufanya

1. Simama ao kaa vizuri, mabega chini. Kama unataka, weka mkono kwenye kifua.
2. Peleka mawazo yako kwenye moyo, kama vile hewa inaingia na kutoka pale.
3. Vuta hewa polepole ukihesabu mpaka 5. Itoe polepole ukihesabu mpaka 5. Usilazimishe.
4. Rudilia mara 6. Hiyo ni dakika 1.
5. Ukiwa unapumua, kumbuka kitu kimoja chenye unashukuru: mtoto mwenye amepona, ao siku yenye mulijenga stasyo pamoja.

Ukisikia kizunguzungu, acha na upumue kama kawaida. Maumivu ya kifua hayaombi zoezi. Yanaomba kituo cha afya. Na mtu asingoje siku ya matata ndipo ajaribu. Afanye kila asubuhi kwa dakika 5, mwili uzoee, kama vile mtu anavyonoa panga mbele ya kwenda shambani.

Wakati wa kulitumia

Kwenye mizani: mbele ya kujibu mwenye kulalamika, pumua mara 2, kisha sema: "Mama, ngoja tupime tena pamoja." Siku ya malipo: pumua mbele ya kufungua mlango, si kisha kelele kuanza. Katika mkutano mkuu: mtu akiuliza pesa za ristourne zilienda wapi, pumua, andika ulizo lake, kisha jibu kwa hesabu. Usijibu juu ya jamaa yake wala kijiji chake.

Pumzi haifichi hesabu

Hapa tunapenda kusema wazi. Kuko viongozi wenye sauti ya pole sana na kitabu cha hesabu chenye kufungwa. Ule si utulivu, ni udanganyifu. Sheria ya OHADA juu ya koperative, yenye inatumika pia katika Kongo, inafuata kanuni ya memba mmoja, kura moja. Mwenye kuuliza haombi ruhusa. Anauliza juu ya mali yake. Basi pumzi inampa kiongozi dakika moja ili ukweli utoke bila matusi. Kama mizani ina kosa, itengenezwe. Kama karani aliandika vibaya, asahihishe mbele ya watu.

Tunajua pia kama viongozi wetu wengi wamebeba mambo mazito: vita, kukimbia, kufiwa. Dakika 1 ya kupumua haiondoe mzigo ule. Mwenye halali usiku, mwenye anatetemeka bila sababu, atafute mtu wa kuongea naye na muganga wa kituo cha afya. Haiko haya.

Mbele ya musimu kuanza, tunaomba kila komite ijaribu mambo mawili: dakika 1 ya kupumua pamoja mbele ya kila mkutano, na kuandika kilo za kila memba kwenye ubao, pahali pa wote kuona. Moja linatuliza moyo wa kiongozi. Lingine linatuliza moyo wa memba.