MICHEZO YA MEZANI: NI KAMARI AU NI SHULE?



Mwezi uliopita papa mmoja alifika darasani kwangu saa kumi jioni, akamshika kijana wake mkono, akaniambia mbele ya watoto: "Mwalimu, mimi nilikuletea mtoto asome, kumbe wewe unamfundisha kamari!" Nilinyamaza. Baadaye ndipo nikajua sababu. Mtoto wa kaka yake alicheza karata nyuma ya soko, akaliwa unga wa mgao, nyumba nzima ikalala njaa. Basi hasira yake haikuwa ya bure.

Lakini kilichokuwa mezani siku ile hakikuwa kamari. Mgeni mmoja alipoondoka kambini alituachia sanduku la michezo mitatu. Wa kwanza ni UNO, uliobuniwa mwaka 1971 na kinyozi wa Marekani, Merle Robbins. Kila mtu anapewa karata 7, anayezimaliza kwanza ndiye mshindi. Wa pili ni Catan wa Klaus Teuber, uliotoka Ujerumani mwaka 1995. Unajenga vijiji na barabara kwa mbao, matofali, sufu, ngano na madini. Ukikosa tofali, unambembeleza jirani mbadilishane. Wa tatu ni Pandemic wa Mmarekani Matt Leacock, wa mwaka 2008. Huo wachezaji wote wako upande mmoja, wanapigana na magonjwa 4 yanayoenea duniani. Mnashinda wote au mnashindwa wote.

Maelezo yalikuwa ya Kiingereza, na sisi tuliosoma kwa Kifaransa tulihangaika na kamusi wiki 2 nzima. Kete zilizopotea tuliziba na maharage na vifuniko vya soda.

Nimeuliza watu maoni yao. Mama mmoja alisema: "Kijana wangu siku hizi akienda sokoni anajua kuelewana bei." Kijana wa miaka 19 aliniambia: "Mwalimu, hapa kila siku ni kungoja. Kwenye mchezo angalau kuna jambo naamua mwenyewe." Binti mmoja alisema: "Catan inakula saa nzima na zaidi, na dumu langu liko kwenye foleni ya maji. Wenye muda ni wavulana." Mzee mmoja naye alicheka: "Ya kigeni ya nini? Si tuna bao letu? Kwetu wengine tunaita kisolo. Unachimba mashimo chini, hakuna kununua."

Mimi naona wote wana haki. Ila tuelewane: kamari haiko kwenye karata, iko kwenye kile mnachoweka. Hata bao, mkiweka unga, ni kamari.

Nitoe mfano niliouona mwenyewe. Darasani nina wavulana wawili ambao familia zao hazisalimiani kwa sababu ya ugomvi wa kuni. Niliwaweka pamoja kwenye Pandemic. Ili kupata dawa ya ugonjwa, mtu mmoja anakusanya karata 5 za rangi moja, na wenzake wanaweza kumpa za kwao. Siku ya kwanza kila mmoja alishika zake, dunia ikaisha. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu mmoja alisema, "Haya, chukua yangu." Walishinda, wakapiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Wazazi wao bado hawasalimiani, lakini watoto wanakwenda kuteka maji pamoja.

Yule papa alirudi akaa mlangoni, akatazama mpaka mwisho. Akasema: "Huu wa kusaidiana, sawa. Karata nyumbani kwangu bado hapana." Nikakubali, nyumba ni yake.

Sasa tumeweka masharti yetu:
1. Hakuna kuweka kitu chochote, hata sabuni.
2. Masomo na kazi za nyumbani kwanza.
3. Jumatano ni siku ya wasichana. Kaka zao wanakwenda bombani.

Asiyepata nafasi kwenye sanduku letu achukue kipande cha katoni, achore drafti ya vyumba 64, atafute vifuniko 12 vya kila upande. Baba na mama, kaeni na watoto wenu mcheze japo mara moja. Na Jumamosi saa nane mchana njooni shuleni mjionee wenyewe kabla ya kukataza. Karibuni sana.