Kabla ya Kukubali Kutolewa Kizazi

Mama wa Bilele anapoambiwa kuwa ana uvimbe wa kizazi usio wa saratani, na kwamba mfuko wa uzazi utolewe, jamaa huuliza kwanza fedha zitatoka wapi. Sisi tunaona lipo swali linalostahiki kutangulia: je, haiwezekani kuondolewa uvimbe peke yake, kizazi kikabaki? Mara nyingi huwezekana, na kwa mama anayetaraji bado kuzaa si jambo dogo.

Upasuaji huu kwa kawaida ni salama, na kwa anayetokwa damu hadi kuishiwa nguvu ni nusura. Lakini una hatari zake: kupoteza damu, maambukizo, damu kuganda miguuni, na lile tuliogopalo zaidi, kujeruhiwa kibofu au mirija ya mkojo, ambayo hupita karibu mno na mishipa ya kizazi. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2014, ya wanawake wapatao 6,000 waliotibiwa fistula katika nchi 11 za Afrika na Asia, yalikuta wapatao 800 waliipata kutokana na upasuaji, mwingi ukiwa wa kujifungua, mwingine wa kutoa kizazi.

Anayevuja mkojo haachi Swala. Hutawadha kila wakati wake unapoingia, akaswali. Wala asijifiche nyumbani, kwani fistula hutibika, na Bugando, ng'ambo ya ziwa, hutibiwa.

Daktari aulizwe pia kama ovari zitabaki. Zikiondolewa, ukomo wa hedhi huja ghafla. Na baada ya upasuaji, kwa wiki sita hivi, ndoo za maji na mikungu ya ndizi ni mzigo wa mume na vijana wa nyumba.