Aldovia haipo, lakini kasri lake lipo

Krismasi moja tulikuwa sebuleni kwa shangazi, Tabata, feni imetuelekea, jasho linatiririka, na kwenye televisheni theluji inamwagika. Binti wa kaka yangu ndiye aliyechagua filamu: A Christmas Prince. Zikiwa zimebaki kama dakika ishirini, umeme ukakatika. Binti akaanza kulalama. Shangazi, ambaye muda wote alikuwa anachambua mchele na kutazama kwa jicho moja, akamwambia, "Tulia mjukuu wangu, nitakumalizia mimi." Akammalizia kweli. Yule binamu mwenye roho mbaya ataitoa siri hadharani siku ya kutawazwa. Yule binti wa Kimarekani atafukuzwa kasrini. Kisha atagundua kitu cha kumwokoa mwana wa mfalme, naye kijana atamfuata hadi kwao amchumbie.

Umeme uliporudi tukaangalia. Shangazi alikosa jambo moja tu: hakubashiri kwamba hati ya kumwokoa kijana imefichwa ndani ya pambo la mti wa Krismasi, lenye umbo la tunda la mwaloni. "Hilo la tunda," alisema, "ni upuuzi wa mwandishi. Ningelijuaje?"

Kazi yangu ni kuhariri miswada ya filamu, na nakiri kwamba filamu hizi za Krismasi na wana wa wafalme nazipenda zaidi ya inavyonistahili. Siko peke yangu. Filamu hiyo ilitoka tarehe 17 Novemba 2017. Mwezi uliofuata Netflix wakaandika kwenye Twitter utani uliozua mjadala: waliwalenga watu 53 waliokuwa wameitazama kila siku kwa siku 18, wakawauliza nani aliyewaumiza moyo. Wengine walicheka, wengine wakashtuka kwamba kampuni inawahesabia. Mimi nilibaki na swali la kitaaluma. Mtu anafuata nini mara ya kumi na nane?

Jibu tunalo zamani. Waliokulia kwenye vibanda umiza wanajua kwamba steringi hafi, na kujua huko hakujawahi kumpunguzia mtu hata senti ya kiingilio. Msimulizi wa ngano naye akishasema "Paukwa", watoto wanaitika "Pakawa", na hadithi wanayotaka ni ileile ya jana. Akibadili kitu, wanamsahihisha. Wanachotaka ni kuona kama safari hii ataipita njia ileile bila kujikwaa. Kwa hiyo mhakiki anayeiponda A Christmas Prince kwa sababu "mwisho unajulikana" ananikumbusha mtu anayelalamika kwamba wimbo una kiitikio.

Kwa asiyeiona: Amber Moore (Rose McIver) ni mhariri mdogo wa jarida moja la New York. Anatumwa Aldovia, nchi ya kubuni, akachunguze kama Richard (Ben Lamb), kijana mwenye sifa ya kuponda raha, atakubali kiti cha marehemu baba yake. Mkutano na waandishi unafutwa, Amber anapenya ndani ya kasri, anadhaniwa ni mwalimu mpya wa Emily, mdogo wake Richard, na halikanushi hilo. Yaliyobaki shangazi ameshayasema.

Ufundi wa filamu hii umelelewa kwenye televisheni ya Marekani, hasa Hallmark, kampuni iliyozaliwa Kansas City mwaka 1910 kwa biashara ya kadi za salamu. Chaneli yake ina msimu maalumu wa filamu za Krismasi tangu 2009, na watu hao walifahamu mapema kwamba filamu inaweza kuuzwa kama kadi: picha nzuri mbele, maneno ya heri ndani, isimkwaze mtu yeyote. Miswada yao hukatwa vipande tisa, kwa kuwa kila kipande hufuatwa na matangazo. Mtazamaji anakwenda jikoni, anarudi na sahani yake, na asiwe amepotea. Ndiyo maana wahusika husema waziwazi wanachokitaka, tena zaidi ya mara moja. Nyingi hupigwa Kanada kwa wiki mbili hadi tatu, mara nyingi kiangazi, waigizaji wakiwa ndani ya makoti ya sufu huku theluji ya povu ikipulizwa kwa mashine. Ukiwatazama vizuri utaona kwamba pumzi zao hazitoi mvuke.

Kisha kuna kanuni ya busu. Lile la kwanza lazima likatizwe. Katika A Christmas Prince wawili hao wamo kwenye kibanda cha msituni, mbwa mwitu ameshafukuzwa, moto unawaka, nyuso zinakaribiana, halafu Richard anatoka nje. Amber akibaki peke yake anazikuta karatasi zinazoonyesha kwamba Richard ni mtoto wa kuasiliwa. Anayedharau filamu hizi airudie sehemu hiyo, kwa sababu ndani ya dakika chache mapenzi yamepanda, siri imefichuka, na yule anayempenda ndiye mwenye uwezo wa kumwangamiza. Hiyo ni kazi ya seremala anayejua kupima mbao.

Lakini kwa nini ufalme? Mapenzi ya Krismasi yangeweza kumhusu fundi bomba. Chimbuko moja ni riwaya ya The Prisoner of Zenda ya Mwingereza Anthony Hope, iliyotoka 1894 na kubuni nchi ya Ruritania mahali fulani Ulaya ya Kati. Humo Mwingereza anayefanana na mfalme kama pacha anakaa kwenye kiti chake kwa muda. Ruka hadi 2018 uione The Princess Switch: Vanessa Hudgens ni Stacy, mwokaji keki wa Chicago, na papo hapo ni Margaret, binti wa kimwinyi wa Montenaro, nao wanabadilishana nafasi. Ni mtaji uleule, umeongezewa keki. Nchi anayofikia Stacy inaitwa Belgravia, jina ambalo kwa mkazi wa London ni mtaa wa matajiri karibu na stesheni ya Victoria. Ni kama mtu atunge filamu ya Ufalme wa Masaki.

Chimbuko jingine ni Marekani yenyewe. Katiba yake inaikataza serikali kutoa vyeo vya kimwinyi, na usipokuwa na malkia nyumbani, utamwazima wa jirani. Karibu kila mara anayeingia kasrini kwenye filamu hizi ni Mmarekani wa kawaida, anayewafundisha watawala kucheka na kurushiana theluji. Siku kumi tu baada ya A Christmas Prince kutoka, Harry wa Uingereza alitangaza uchumba na Meghan Markle, mwigizaji ambaye mwenyewe alikuwa ameshaigiza filamu za mapenzi za Hallmark. Hakuna mtayarishaji ambaye angethubutu kuandika hilo.

Sasa tufike kasrini. Lile la Aldovia ni Peleș, lililopo Sinaia, Romania, chini ya milima ya Karpati. Mfalme Carol wa Kwanza, Mjerumani aliyeitwa kutawala huko, aliweka jiwe la msingi mwaka 1875 na kulizindua 1883. Lina vyumba 160, mbao zilizochongwa kila mahali, na minara ambayo mtoto yeyote akiichora utajua ni nyumba ya mfalme. Romania ina mafundi wazuri wa filamu na gharama nafuu kuliko Ulaya ya Magharibi, ndiyo maana falme za kubuni zimejazana huko.

Ila nyumba hiyo ina hadithi yake. Novemba 1947 Mihai, mfalme kijana wa miaka 26, alikwenda London kwenye harusi ya Elizabeth, malkia wa baadaye wa Uingereza. Huko alikutana na Anne wa ukoo wa Bourbon-Parma, wakapendana. Alirudi nyumbani akiwa na nia ya kuoa. Mwisho wa Desemba yuko Sinaia kwa sikukuu, akaitwa Bukarest na waziri mkuu Petru Groza kwa kile alichoambiwa ni jambo la kifamilia. Mihai alidhani wanataka kuzungumzia uchumba wake. Alipofika, tarehe 30 Desemba, alikuta karatasi ya kuachia ufalme inamsubiri. Akasaini. Papa alikataa kutoa kibali, kwa kuwa Anne alikuwa Mkatoliki na Mihai Mwothodoksi, lakini wakaoana Athens Juni 1948 hivyohivyo. Uhamishoni mfalme huyo alifuga kuku Uingereza, kisha akawa rubani wa majaribio ya ndege Uswisi.

Mihai alifariki tarehe 5 Desemba 2017, wakati watu wale 53 wakiendelea kuhesabu siku zao. Jeneza lake lilipofikishwa Romania liliwekwa kwanza Peleș, watu wakapanda mlimani kwenda kuaga.

Siwalaumu Netflix kwa kutolijua hilo mapema. Nalitaja kwa sababu linaonyesha mahali kasoro ilipo, nayo si theluji ya povu wala kubashirika. Filamu hizi zinapanga kasri kisha zinaogopa kila kilichowahi kutokea ndani yake. Ufalme ndani ya filamu ni samani tu. Nani analipa bili ya mishumaa ile? Nani anatunga sheria? Filamu ya pili ya Aldovia, ya 2018, ilijaribu: uchumi umeyumba, wafanyakazi hawajalipwa na wamegoma. Nilikaa vizuri kwenye kiti. Kumbe mgogoro wote ni mwizi mmoja tu mwenye cheo. Akikamatwa, harusi inaendelea. Mgomo nao umepita kama mafua.

Kuhusu uandishi wa habari wa Amber nisiseme sana. Anadanganya jina, anapekua dawati la marehemu, anaondoka na hati za familia, na yale anayoandika kwenye kompyuta yake mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeona haya kuyakabidhi. Mwishoni anaacha kazi na kufungua blogu, nasi tunatakiwa kushangilia.

Anayeiokoa filamu ni Emily. Ana ulemavu wa mgongo wazi, anatembea kwa magongo, na ni mkorofi. Ndiye anayegundua kwamba Amber si mwalimu, na badala ya kumsema anatoa sharti: utanitendea kama mtoto yeyote. Hakuna muziki wa huruma unaopigwa hapo. Kwa dakika chache kuna mtu kasrini mwenye kitu cha kupoteza, na ghafla hata mapambo yanapata uzito. Kama waandishi wangempa Richard nusu ya hicho, shangazi angeuacha mchele.

Ukitaka kuanza, anza na ile ya 2017, kisha The Princess Switch ya kwanza, ambayo Hudgens anaifanya kwa raha inayoambukiza. Ya tatu ya Aldovia, yenye mkataba wa miaka 600 uliopotea na laana juu ya mtoto, iweke wakati unakunja nguo. Hata ukisinzia katikati, utakapoamka mtoto atakuwa amezaliwa salama.